Breka ya Ampia Sitini na Tatu

Nyumba ya Yusta Kalinga ipo Ilula, nyuma ya meza anazouzia nyanya, na kila tofali lake lilitoka kwenye meza hizo. Mumewe Danieli alichimba msingi, akaugua, akafariki kabla ya bati. Yusta ndiye aliyeezeka, akavuta umeme, akawalaza wanawe ndani. Hata hivyo, kwa ukoo wa mumewe, nyumba ile imebaki kuitwa ya Danieli.

Wiki ya kusimika msalaba kwenye kaburi la Danieli, breka ya soketi za sebuleni, ile swichi ya kukata umeme unapozidi, ilianza kujikata hata pasipo kitu kilichochomekwa. Amos, fundi aliyesuka nyaya za nyumba, aliichomoa, akasema imechoka. Yusta aliifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo Iringa mjini.

Mzee Himmat, mwenye duka la vifaa vya umeme, aliigeuza akasoma ubavuni.

"Ampia ishirini. Nyaya za ukutani ni zilezile?"

"Zilezile ulizoniuzia."

"Basi chukua ishirini, na kampuni hiihii. Ya kampuni nyingine haitakaa sawasawa kwenye boksi lako. Italegea, ipate moto."

"Wengine wananiambia nichukue kubwa, isinisumbue."

"Kubwa haitakusumbua, mama. Waya utaungua, yenyewe imetulia tu."

Aliporudi, alisikia muziki tangu barabarani. Shemeji yake Ambrosi, mdogo wa marehemu, alikuwa amefika kutoka Mbeya kwa shughuli ya msalaba, na friza ya soda, spika mbili na hita ya kuchemshia maji, vyote kwenye soketi za sebuleni. Ndani ya boksi la breka mlikuwa na breka ngeni, imeshindiliwa kwa kipande cha katoni ili isicheze.

"Shemeji, nani amegusa boksi langu?"

"Mimi. Ulikuwa unahangaika bure. Hii ni sitini na tatu, dume hasa. Haijajikata tangu asubuhi."

Eveline, mke wa Ambrosi, akacheka huku akimenya viazi. "Muuza nyanya naye siku hizi injinia."

Yusta aligusa soketi ya friza. Ilikuwa ya moto, na plastiki imeanza kunuka. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na kitanda cha wanawe. Akarudi kwenye boksi, akazima swichi kuu. Muziki ukakatika na watu wakageuka.

"Washa, shemeji. Soda zitapata moto."

"Zipate."

"Hii ni nyumba ya kaka yangu."

"Kaka yako yuko kaburini, Ambrosi." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Wanaolala humu ni wanangu. Ukitaka kuwasha, nisukume kwanza."

Ambrosi hakumsukuma. Yusta akampigia Amos simu, akabaki amesimama mbele ya boksi, mkoba bado begani. Hasira yake haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya miaka yote ya kukaribishwa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Amos alipoitoa ile breka, ncha ya waya ilikuwa imeungua. Akaikata, akafunga ile ya ishirini, ikakaa bila kushindiliwa. Yusta akaruhusu friza peke yake. Maji, alisema, yatachemshwa kwa kuni.

Ambrosi akanyoosha mkono. "Basi nipe breka yangu. Nitaifunga kwangu."

Yusta aliiweka juu ya jiwe la kufulia, akachukua nyundo ya Amos, akaigonga mpaka ikapasuka.

"Umechanganyikiwa, shemeji?"

Eveline alikuwa ameacha viazi. Hakumtazama Yusta, alimtazama mumewe.

"Baba Lusekelo, pale kwetu umefunga breka ya ampia ngapi?"

Ambrosi akainama kuokota vipande.

"Nimekuuliza."

"Si inafanya kazi?"

Eveline alijifuta mikono kwenye kanga, akapiga simu Mbeya, kwa mwanawe.

"Lusekelo, nenda nyuma ya mlango, zima swichi kuu. Usiniulize kwa nini. Zima."