Mikono Iliyokausha Maua ya Nyika ya Kamina

Saa moja asubuhi, Kapenda Mwanza anainamia ua dogo la zambarau lililochumwa kwenye nyika ya mchanga nje ya Kamina. Anataka kulilaza juu ya karatasi ya gazeti kabla halijanyauka. Mkono unatetemeka. Ua linachanika.

"Ni vile tu," anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Hii iko ya tatu leo."

Mwaka huu wa 1953 Kapenda ametimiza miaka arobaini na sita. Kwa miaka kumi na mitano amewakaushia mimea watafiti wanaokuja kuchunguza nyika hii inavyoishi: nyasi gani huota baada ya moto, mdudu gani hutegemea ua gani. Karatasi zaidi ya elfu tisa zilizobandikwa mimea zimepita mikononi mwake kwenda Ulaya. Majina ya Kiluba yaliyoandikwa pembeni aliyataja yeye.

Ili wadudu wasile mimea hiyo, kila tawi lilichovywa kwenye maji yenye dawa ya zebaki. Chupa ilikuwa na picha ya fuvu. Kapenda alichovya kwa mikono mitupu.

"Bwana alitwambia: ile mayi musikunywe," anakumbuka maneno ya mtafiti wa kwanza. "Hakutwambia: musiiguse."

Vidole vilianza kumcheza miaka mitatu iliyopita. Kisha fizi zikavimba, meno manne yakang'oka, usingizi ukapotea. Ngoie, aliyefanya naye kazi meza moja, alitetemeka vilevile hadi akashindwa kushika kijiko. Walimzika mwezi wa pili mwaka huu. Daktari aliyempima Kapenda aliandika neno moja: pombe.

"Bwana yangu hakunywaka hata siku moja," anasema mkewe, Élisa. "Bantu ba kanisa bote banajua."

Jumatatu mtafiti mpya alimwambia Kapenda kwamba kazi yake inaisha Jumamosi. Anataka mtu mwenye mikono imara. Kapenda aliomba aachiwe angalau kutaja majina. Akajibiwa kwamba majina tayari yamo vitabuni.

"Iko mengi sijasema," ananong'ona. "Hakuna mwenye aliniuliza."

Wiki ijayo wanarudi kijijini kwao, karibu na Kabongo, wakalime mihogo.

"Jembe iko nzito," anasema. "Pengine uzito utatuliza mukono."

Élisa anageuza uso. Kapenda anapotoka kwenda kunawa, mkewe anamweleza mwandishi kwa sauti ya chini kwamba jana mumewe alijaribu kulima, nyuma ya nyumba. Jembe lilimtoka mara mbili. Mara ya tatu aliliacha, akakaa chini, akaanza kuchimba kwa vidole.