Saa za Nyuma ya Mlango

Kila jioni, saa kumi na moja ikifika, tajiri wetu alishusha mlango wa chuma wa duka lake la vifaa vya ujenzi pale Birere, sisi wafanyakazi tukiwa ndani. Mpita njia aliona duka limefungwa. Sisi tulibaki tukipanga mabati na misumari iliyoletwa mchana na lori lake la fuso, mpaka giza linaingia. Simu zetu zilikaa kwenye droo yake, na mtu akigonga tulikatazwa kuitikia. Mimi nilikuwa muuzaji. Kazi hiyo ya nyuma ya mlango haikuwa na jina wala malipo.

Tulimwita Papa. Alipenda hivyo, na sisi pia tulipenda. Alikuwa mtu wa Butembo kama wazazi wangu, tulisali parokia moja, na ukiwa na mgonjwa nyumbani alikuuliza habari zake kabla ya kuuliza mauzo. Mgonjwa wangu alikuwa mama. Alilala kwetu Majengo, miguu imevimba, akikataa kugusa sombe yake ya majani ya muhogo mpaka nirudi tule pamoja. Mara nyingi nilirudi nikakuta chakula kimepoa na yeye amesinzia.

Alifariki jioni moja mlango ukiwa umeshushwa. Jirani alikuja mbio kuniita, akagonga mpaka akachoka. Ndani tulinyamaza, tukidhani ni mteja mkaidi. Mmoja wetu hata alimcheka.

Kwenye kilio tajiri alifika wa kwanza. Alinunua sanduku la mbao nzuri, lenye msalaba juu, akatoa fuso yake itupeleke makaburini. Huko alivua koti akashika sepetu yeye mwenyewe, na ardhi yetu hii ni mawe ya volkano matupu. Nililia begani mwake. Nilimshukuru kwa kupiga magoti, na wakati ule ningemtetea mbele ya mtu yeyote.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilimsikia mwanasheria redioni akieleza kwamba kazi inayozidi saa arobaini na tano kwa juma ina malipo yake ya ziada, tajiri akupende asikupende. Nikamwendea Papa kwa adabu nikamuuliza. Alicheka, akaniambia niache kusikiliza redio. Kesho yake nilikuta nafasi yangu dukani imepewa mwingine, nami sina kazi. Ndipo nikaenda kwa enspekta wa kazi.

Enspekta, mama mmoja wa miwani na maneno machache, alituita sote wawili. Tajiri aliingia na koti lake lile lile la kilio. Akasimama karibu yangu, akaniwekea mkono begani.

“Madame, huyu ni mutoto wangu,” alisema. “Mama yake alipokufwa, ni nani alitoa sanduku? Ni nani alitoa fuso? Zile masaa za mangaribi, zote nilizilipaka kwa kilio.”

Alinikata maini. Kumbe siku ile, mimi nikilia begani mwake, yeye alikuwa akinilipa. Nilitamani kumrudishia kila chozi, na lile sepetu pia.

Enspekta hakubabaika. “Papa, sheria haijue sanduku. Mambo ya kilio ni ya kilio, masaa ni masaa. Utamulipa yote.”

Nilikuwa nimeshinda, na sikusikia furaha yoyote. Niliutoa ule mkono begani mwangu.

“Madame,” nikasema, “mukate kwanza kwenye malipo yangu bei ya sanduku na ya fuso.”

“Mama, sheria haikulazimishe,” enspekta aliniambia.

“Najua. Lakini mukate. Sitaki kesho aseme ni yeye alimuzika mama yangu.”

Tajiri alinigeukia, sauti imelainika ghafla. “Aa, binti yangu, ile nilitoa kwa mapendo.”

Nilimtazama enspekta mpaka akashika kalamu, akakata. Zile jioni mama alizoningoja, chakula kikipoa, ndizo zilizomnunulia sanduku.