Kaburi la Aliyerudi

Siku moja naikumbuka hata harufu yake, mwanangu, harufu ya migomba na moshi wa lori. Imenirudia jana niliposomewa ujumbe wako. Unasema mnarudi wote, wewe, mkeo na watoto saba, mmeshauza hata vitanda huko Maputo, na nisimwambie mtu kwa sababu unataka kuwashtua. Mimi shangazi yako nilicheka peke yangu kwa furaha. Halafu nikakumbuka siku hiyo, na kicheko kikanikauka.

Sisi tulirudi kutoka Uganda, upande wa Mbarara. Nilizaliwa huko, na wadogo zangu wote pia. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa kitinda mimba, ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Baba yangu, yaani babu yako Laurenti, aliondoka hapa kwetu Nyakakika akiwa kijana, akapata shamba huko, akapata mke, akaacha kutuma salamu. Hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, kama unavyonyamaza wewe. Na siku alipoamua kurudi, yeye pia alitaka kuwashtua. Alitupakia kwenye lori pamoja na magodoro na kuku, tukavuka mto Kagera pale Murongo tukiimba.

Lori lilituacha barabarani mchana, jua kali. Wanawake walikuwa wanapalilia. Baba akawasalimia kwa Kinyambo, kwa sauti ya juu, huku anacheka. Hakuna aliyeitikia. Mmoja aliweka jembe chini taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka migomba ikamficha. Watoto waliokuwa wanacheza njiani wakaitwa ndani. Tulidhani tumekosea kijiji.

Nyumbani tulimkuta baba mdogo Kamugisha uani. Alimtazama Baba kwa muda mrefu, kisha akamsalimia Mama. Baba akakasirika, akazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta mama yake, nasi tukamfuata. Huko kwenye kibanja, katikati ya migomba na kahawa, kulikuwa na kaburi lililofyekwa vizuri.

"Tumempoteza nani?" Baba akauliza.

"Ni wewe, kaka," Kamugisha akasema, na hakuinua macho.

Ndivyo tulivyojua. Zilifika habari kwamba Laurenti kafia ugenini. Wakangoja mwili, wakangoja mtu wa kukanusha, mwishowe wakafanya kama wazee wa ukoo wetu walivyofanya kwa mtu asiyeonekana. Walikata mgomba wa urefu wake, wakauvika mbugu, ile nguo ya gome la mti, wakauzika. Walilia, wakanyoa nywele, wakamaliza matanga. Na kwetu mtu akishaliliwa hivyo haitwi jina wala haitikiwi salamu, mpaka afukue kwa mikono yake kile kilichozikwa badala yake.

Baba alicheka. Mtu wa kanisa yule, na mbishi kuliko hata wewe. "Mzima mimi, mnaniona. Sichimbi kaburi lolote!" Akatuamuru tushushe mizigo.

Mwanangu, hakuna aliyetufukuza, na hilo ndilo lililonitisha. Tulipewa nyumba, tukapewa ndizi, watu wakaja hata kutoka Kituntu. Lakini walikuja kumpa Mama pole ya msiba. Walimwita mjane, na mumewe amekaa pale pale kando yake! Waligawa buni za kutafuna, kila mtu akawekewa mkononi, wakifika kwa Baba mkono unapita. Akiingia mahali mazungumzo hayakatiki, yanaendelea kana kwamba upepo ndio umesukuma mlango. Bibi yangu, mama yake wa kumzaa, kila akimsikia anakuja aligeukia ukuta, mabega yanatikisika.

Mwanzoni Baba aligomba. Baadaye akaacha, na bora angeendelea kugomba. Akawa anatembea bila kishindo. Tukiwa tunakula alikuwa anainua kichwa ghafla, anatuuliza kwa sauti ndogo, "Mnanisikia?" Tunamjibu, "Ndiyo, Baba." Anakula kidogo, anauliza tena. Nilianza kumwogopa baba yangu, na niliona aibu kumwogopa.

Aliyemvunja ni baba yako. Siku moja Baba alimwita aje anawishwe miguu. Mtoto alikuwa anacheza hapo hapo uani. Akaitwa tena, hakugeuka. Haikuwa jeuri, mwanangu, angekuwa na jeuri gani kwa umri ule? Alikuwa ameona watu wote hawaitikii sauti ile, naye akaacha kuisikia. Baba akaketi chini kwenye vumbi. Alipoinuka, alikwenda kuazima jembe.

Walichimba yeye na Kamugisha, Bibi amekaa pembeni kwenye mkeka akiwa amewapa mgongo. Chini hapakuwa na mgomba tena. Ilikuwa mbugu imelala bapa, na tope jeusi, na tope lile lilikuwa na urefu wa baba yangu. Akasimama ndani ya shimo akilitazama, kisha akalia kwa sauti. Ndipo Bibi akageuka.

"Laurenti," akamwita. "Unaona sisi ndio tumekuua? Kila mchuuzi aliyetoka ng'ambo ya mto nilimuuliza habari zako. Mtoto ananyamaza miaka yote hiyo, mama yake afanye nini? Nilikuzika ili nipate usingizi. Haya, toka humo uje ule."

Kuanzia hapo aliitikiwa na kila mtu. Ila mpaka uzee wake, ukimwita alikuwa anashtuka kwanza, ndipo anaitika.

Sasa nisikilize. Nyumbani hapakusimama kukungoja. Tumejifunza kuishi bila wewe, na kazi hiyo ilituuma. Kwa hiyo usitushtue. Wapigie simu baba zako wakubwa, mmoja mmoja, uwasemeshe mpaka wachoke. Uliza nani kafa, nani kaolewa, na usione haya kwamba hukujua. Kisha tangulia peke yako. Ukae, ulaumiwe, usijitetee. Omba uonyeshwe mahali pa kujenga, hata kama unajua ni pako. Mkeo na watoto wafuate baadaye, wakukute unaitikiwa. Watoto hujifunza haraka sana ni nani wa kutoitikiwa.

Na usichelewe. Ndugu zangu walinijia kabla ya mvua hizi. Mgomba wameshauchagua, mrefu kama wewe, umesimama hapo nyuma ya nyumba. Niliwaambia wangoje kidogo, na kila Jumapili wananiuliza tena.

Mungu awavushe salama wewe na nyumba yako yote, awape pa kulala na watu wa kula nao, na akufikishe hapa jina lako likiwa bado midomoni mwetu.