Siku Mwalimu Atupele Alipotoka Darasani

Juzi nilikuwa barazani hapa Iringa nachambua maharage, mjukuu wangu naye yuko ndani anakariri kwa sauti ya kuimba: give up, give in, give out, give away. Mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Ningeweza kumwambia anyamaze, lakini kosa si lake. Hasira yangu na vijineno vile ina umri mkubwa kuliko mama yake. Ilianzia katika darasa moja la misheni juu ya vilima vya Mbeya, miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa darasa la tano asiye na viatu.

Asubuhi za kule zilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Ukungu uliingia darasani kabla yetu, na sote tulinuka moshi wa moto wa kuni mbichi tuliotoka kuota. Nyumbani tulisema Kinyakyusa, shuleni Kiswahili, na hicho peke yake kilikuwa kimetutoa jasho. Sasa kikaja Kiingereza. Majina ya vitu hayakunisumbua, maana kikombe ni kikombe popote. Kilichonitesa ni vile vijineno vifupi vinavyoandamana na kitendo. Niliambiwa put ni kuweka. Vema. Kumbe put on ni kuvaa, put out ni kuzima moto, na put off ni kuahirisha safari. Nikauliza, basi huo moto uliozimwa umewekwa wapi? Mwalimu wetu wa kwanza, mzee mmoja mkavu kama gome, alinijibu kwa fimbo.

Niambieni nyinyi kama nilikosea kuuliza. Katika lugha zetu kitendo kikibadilika kinabadilika ndani yake chenyewe: pika, pikia, pikiana, nawe unasikia kabisa kwamba kuna jambo limetokea. Kile cha Wazungu kilibaki vilevile, kikafuatwa nyuma na kijineno kama ndama, na huyo ndama ndiye aliyemwamuru ng'ombe pa kwenda! Nilikariri njiani, nikakariri kisimani, na kesho yake vyote vimechanganyika. Kuna siku nilitupa kibao changu kwenye majani nikaapa sirudi. Mama alinirudisha kwa kunishika sikio, akisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliona nimekwisha kuinama mpaka mgongo umepinda, na huko mvunguni hamna kitu.

Kisha akaja Mwalimu Atupele. Alikuwa mwanamke kijana, ameolewa karibuni kijijini kwetu. Mume wake alikuwa machimboni Chunya, na baba mkwe wake alikuwa mzee wa kanisa, mtu mzito ambaye jina lake silitaji hata leo. Misheni ilimpa Mwalimu Atupele Kiingereza chetu kwa majaribio tu. Mkaguzi wa shule, Mzungu, angekuja kutusikiliza. Akiridhika, Mwalimu anabaki. Asiporidhika, yule mzee wa fimbo anarudi.

Huyu hakutaka tukariri. "Msiulize maana kwanza, wanangu," alituambia. "Tazameni mwili unakwenda wapi." Akasema get up, akainuka. Get on, akapanda juu ya benchi na gauni lake la kitambaa cha buluu. Get off, akaruka chini. Get out, akatufukuza wote mpaka uani, tukicheka hadi kuku wa misheni wakatawanyika. Akaleta koti kuukuu la mume wake, akalivaa na kulivua mbele yetu mpaka on na off zikaniingia mabegani. Kwa mara ya kwanza sikuviona vijineno vile kuwa mzaha wa Wazungu wa kuwatesa watoto. Nilimpenda mwalimu yule. Nasema wazi, nilimpenda kuliko shangazi zangu.

Mkaguzi akaja, mtu mrefu wa kaptura, akaketi pembeni na kiko chake. Sauti ya Mwalimu Atupele ilikuwa imara. Akavaa lile koti, akanielekezea kidole. Nikasimama. "She is putting on her coat," nikasema, yote mpaka mwisho, bila kujikwaa. Mkaguzi akatoa kiko mdomoni akatabasamu. Mwalimu akaanza kulivua.

Hapo mlango ukafunguka, akaingia baba mkwe wake.

Aliyekulia kwetu ameshashtuka. Kwa wengine nieleze. Mkamwana wa Kinyakyusa hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi mbele yake, na wakikutana njiani huingia vichakani hadi mzee apite. Desturi hiyo tunaiita ukutiila, nayo ni heshima iliyochanganyika na hofu. Ukristo uliikuta na haukuing'oa.

Mwalimu Atupele aliangusha chaki. Mkono mmoja ulikuwa bado ndani ya koti. Akalivuta lile koti likamfunika kichwa, akageukia ukuta, akapapasa hadi mlango wa nyuma, akatoka. Tulimwona dirishani akikimbia kati ya mahindi.

Mkaguzi alingoja. Kisha akatuuliza mwalimu amekwenda wapi, na kwa nini. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikafungua kinywa nimweleze kwa Kiswahili, akainua kidole: "In English, please." Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipokichukia Kiingereza kwa moyo wote. Nilikuwa na cha kuvaa koti, cha kuzima moto, cha kupanda benchi. Cha mkwe sikuwa nacho. "She go out," nikasema. "She go out because... the father..." Nikakwama. Mzee alikuwa akinitazama, na mtoto kumsema mzee mbele yake lilikuwa kosa jingine. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote.

Ndipo yule mzee akavua kofia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Samahani, Bwana. Ni mgeni wa kazi hii. Labda imemzidi." Na Kiswahili cha mzee kikasikilizwa! Hakuambiwa "In English", wala hakuinuliwa kidole. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga mkoba wake.

Wiki iliyofuata fimbo ilirudi darasani. Mwalimu Atupele nilimwona kwenye shamba la pareto la baba mkwe wake, kapu mgongoni, akichuma maua. Aliniuliza kama bado nasoma. Nikaitikia, nikakimbia. Watu walisema ndivyo ilivyo, mwacha mila ni mtumwa. Nami nikakua nikiamini kwamba mila ndiyo iliyomla mwalimu wangu, nikaichukia pamoja na Kiingereza.

Nilipokaribia kuolewa, mama alinikalisha jikoni kunifunda. Alipofika kwenye ukutiila nilimkatiza. Nikamwambia siitaki, nilishaona ilivyomfanya Mwalimu Atupele.

Mama akaacha kukoroga. "Mila ipi hiyo, Subilaga?" akasema. "Mkwe mwenye adabu haingii tu alipo mkamwana. Anakohoa toka njiani, au anatanguliza mtoto aseme babu anakuja, ili mwenzake apate kujisitiri. Heshima hii inashikwa na wawili. Atupele aliishika ya kwake."

"Na yeye mzee?"

"Siku ya mkaguzi ilitangazwa kanisani. Na aliyeitangaza ni yeye."

Nilibaki nimekaa pale, moshi ukiniingia machoni, nikimwona tena mlangoni: buti zake, kofia yake, na jinsi alivyosimama bila kusema neno mpaka Mwalimu alipogeuka akamwona. Mzee yule alikuwa na kifua kibovu. Kila Jumapili alikohoa tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, hata mchungaji akalazimika kupaza sauti. Asubuhi ile, kutoka barabarani hadi mlango wa darasa letu, hakukohoa hata mara moja.