Ile Injini Ramadhani Aliosha

Nakumbuka siku moja huko Arua, mwanangu, mdomo yangu ilitaka kuharibu harusi ya watu.

Nilikuwa kijana. Shule niliacha darasa ya saba, lakini maneno nilikuwa nayo ya yunivasiti. Nilifanya kazi kwa gereji ya Mzee Adriko, barabara ya kwenda Mvara. Miaka ya tisini hiyo, watu wamesharudi kutoka ukimbizini Congo na Sudan, na magari yao wamerudi nayo, kila moja na ugonjwa yake.

Ramadhani akaleta gari ya baba yake, mwanajeshi ya zamani. Gari mzee, lakini ya heshima, iko na eya kondishena. Hiyo baridi haikuwashwa miaka mingi. Sasa dada yake Zaituni alikuwa anaolewa Koboko kesho yake. Unajua watu yetu ya mjini: bibi harusi amepakwa hina, amefukizwa udi, amefunikwa, na wazee wamesema vioo ya gari haifunguliwi mpaka mlango ya bwana harusi. Barabara ya Koboko ilikuwa vumbi tupu, nyekundu kama pilipili. Ukifungua kioo, bibi harusi anafika kama tofali. Ukifunga bila baridi, anafika ameiva.

Gesi ya baridi haikuwa kitu ya kuokota Arua. Mzee Adriko alikuwa na chupa moja tu, imetoka Kampala kwa basi. Ukiitia kabla ya kujua ile ya zamani ilitorokea wapi, nayo inatoroka, na harusi imekwisha. Lakini kujua si ngumu kama injini iko chafu. Gesi inatoka pamoja na mafuta kidogo, vumbi inashika pale, inakuwa matope nyeusi. Fundi anafuata uchafu tu.

Nikafungua boneti. Mwanangu, injini ilikuwa inang'aa kama sahani ya Idi.

Ramadhani alisimama kifua mbele. "Nimeiosha mwenyewe, na parafini na sabuni. Dada yangu haendi na gari chafu."

"Ndugu," nikamwambia, "umeleta mgonjwa, halafu umemkata ulimi asiseme anaumwa wapi. Nyinyi watoto ya jeshi mnajua kupiga deki tu."

Watu ya gereji wakacheka. Mimi nikaona nimepata soko, nikaongeza. Nikamwuliza kama bibi harusi naye ataoshwa na parafini.

Hapo kicheko ikakatika. Ramadhani aliweka ufunguo juu ya tairi, akaenda zake kwa miguu.

Mzee Adriko alikuwa anafuta mikono. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii injini nani amesugua?"

"Ni yeye, Mzee."

"Basi ile matope, nani ameiona?"

Nikaangalia ile ufunguo juu ya tairi.

"Ulimi haina mfupa, lakini inavunja," akasema. "Mutu moja tu alijua, na wewe umemfukuza. Chukua baisikeli."

Nikamfuata mpaka kwao. Nyumba imejaa wanawake, sufuria na moshi ya udi. Yeye alikuwa nyuma, anapasua kuni. Niliangalia ile shoka vizuri kabla ya kufungua mdomo.

"Kaka Ramadhani, nimekosa. Maneno ya dada yako haikuwa ya kusemwa."

"Fundi mkubwa anatafuta nini kwa mtu ya deki?"

"Anatafuta msamaha. Akipata, atauliza kitu moja."

Akapasua kuni ingine, polepole, niione. "Uliza."

"Wakati ulikuwa unasugua, wapi ile matope ilikataa kutoka?"

Akaweka shoka chini, akafikiri. "Chini ya betri, pale bomba mbili zinakutana. Nilisugua na mswaki ya baba mpaka ikavunjika." Akaniangalia. "Hiyo usimwambie."

Tukarudi wote, mimi nakanyaga, yeye kwa keria nyuma. Ramadhani si mtu mwepesi. Hiyo ndio ilikuwa faini yangu.

Tulifungua pale pale. Ringi ndogo ya mpira kati ya bomba ilikuwa imekauka, imepasuka kama kisigino ya mkulima ya kijiji ya Ludara. Mpira ya namna hiyo inalainishwa na mafuta inayotembea na gesi; ukikaa bila kuwasha, inakufa. Mzee akatia mpya, tukanyonya hewa yote ndani ya bomba na mota ya friji mzee, ndio akatia gesi, kidogo kwanza, na sabuni juu ya ile kiungo. Povu haikutoka, maana gesi haitoroki tena. Akamaliza chupa yote.

Kesho yake Ramadhani alishika usukani mwenyewe, vioo juu, mpaka Koboko. Aliporudi aliniambia Zaituni aliomba shuka njiani. Alisema, "Kaka, punguza baridi, nitaolewa na mafua."

Basi mwanangu, sikukatazi utani. Utani ni chumvi, na mimi bado naila. Lakini mtu akikosea kwa sababu ya mapenzi, usianze na kumcheka, anza na kumwuliza ameona nini. Mkono iliyoharibu, mara mingi ndio inajua njia ya kutengeneza. Ukiichapa, inajificha pamoja na habari yake. Kidole moja haivunji chawa. Na ukishamwumiza mtu, usitume salamu. Nenda mwenyewe, hata kama ameshika shoka.

Mungu akupe masikio mrefu kuliko mdomo. Akupe wazee ya kukurudisha bila kukupigia kelele, na akufikishe salama kila mahali watu wanakungoja. Amina.