Spika Aliyoichagua Irakoze

Kwaya ya kigango kimoja cha Ulyankulu ilipotaka spika mpya, ilimtuma Irakoze, mtunza vyombo wake, aende Tabora mjini. Amplifaya yao ilikuwa ndogo, ya kutumia betri ya sola, na muuzaji hakumficha: "Hizo spika ndogo mlizo nazo ndizo saizi yake. Ni nyepesi, umeme kidogo tu zinapiga kelele. Tafuta nyingine kama hizo."

Lakini kigango cha jirani kilikuwa na spika kubwa kama kabati, na Irakoze hakuwa tayari kuchekwa. Akarudi na kabati lake juu ya basi. Zile ndogo mbili akazitupa stoo.

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi," Josepha, mwenyekiti wa kwaya, alimwambia Irakoze, na watu wakacheka. Irakoze alinuna wiki nzima.

Mvua zilipoanza, wanawake wakaenda porini kuchuma uyoga. Jioni walirudi wote isipokuwa Spesioza, mama yake Irakoze. Mchuma uyoga hutembea akitazama chini, na akiinua uso, miti yote ni ile ile. Watu waliita mpaka sauti zikawakauka. Jua lilikuwa linazama, na pori lile lina fisi.

Irakoze akapakia kabati, amplifaya na betri kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka ukingo wa pori. "Mama! Fuata sauti!" aliita kwenye maikrofoni. Maneno hayakutoka, kilichotoka ni mngurumo mzito tu. Akaongeza sauti. Mngurumo ukazidi, na taa nyekundu ya betri ikaanza kupepesa. Akang'ang'ania hivyo hivyo, jasho likimtiririka, kwa sababu kukubali kwamba alikosea kulimuuma kuliko alivyotaka kusema.

Josepha akafika mbio, spika mbili ndogo zimefungwa kwenye kanga. "Betri inakufa, mwanangu. Acha ubishi."

Irakoze akahamishia nyaya kwenye zile spika ndogo. Akazitundika mtini, zikitazama porini.

"Mama, ni mimi! Njoo huku!"

Safari hii kila neno lilikwenda, kavu na safi. Kimya. Akaita tena, na tena, huku taa ikififia. Ndipo kwa mbali sana, ndani kabisa ya pori, mtu akaitikia.

Spesioza alitoka gizani akichechemea, miguu imechanwa na miiba, kikapu cha uyoga bado kichwani. Irakoze alimkumbatia na kulia bila aibu.

"Ulipotelea wapi, mama?"

"Mbona nilishafika hapa karibu! Nilishaiona hata ile mizinga ya nyuki ya pembeni," alisema Spesioza akihema. "Mara nikasikia radi upande huu, inanguruma haikatiki. Nikasema, hiyo ni mvua ya kuua mtu. Nikageuka, nikaikimbia."

Josepha aliinamisha macho. Irakoze alilitazama kabati lake juu ya mkokoteni.

"Haikuwa radi, mama," alisema. "Nilikuwa mimi."