Mtoto Asiyebeba Jina la Baba

Mwaka 2015, Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kila siku, mimi na mwenzangu mmoja tuliajiriwa Kasulu kutengeneza programu ya kutafuta ndugu waliopotezana njiani. Ofisi yetu ilikuwa hema kambini, na ndani yake meza na jenereta yenye kikohozi. Makarani waliwaandikisha watu kwa simu, wakipita hema kwa hema, nasi tukawaona kwenye kompyuta.

Mwenzangu, kijana wa pwani, alikipenda kiunzi tulichotumia kuliko chakula. Kiunzi ni mifupa ya programu iliyokwisha andikwa na wengine. Wewe unatia nyama. Hiki chetu kilikwenda kwa mazoea. Ukiupa ukurasa jina la "Mtoto", chenyewe kinatafuta maelekezo yenye jina hilo hilo na kuviunganisha, kwenye simu na kwenye kompyuta, bila kuambiwa. "Fuata mazoea, dada, kazi itajifanya," aliniambia kila asubuhi, na kusema kweli ilijifanya. Ubaya ni kwamba alipofika kwenye watu aliendelea vilevile. Kabla mimi sijafika, alikwisha iagiza programu imtambue mtoto kwa jina la baba yake, na kwamba majina yasipolingana, hao si ndugu.

Siku moja watu walikuwa wanahamishiwa kambi ya Kibondo, na mama mmoja akagoma kupanda basi. Alipotezana na mwanawe wa miaka mitano mpakani, kwenye msukumano wa watu. Kila tulipomtafuta huyo mtoto, kompyuta ilijibu hayupo. Mama alisimama na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, mwingine chini. "Mwanangu yuko hapa Kasulu," alisema. "Siendi."

Msimamizi wa safari akaja hemani kwetu amekunja uso. Hilo lilikuwa basi la mwisho. Asipopanda, nafasi yake ingekwenda kwa mwingine, naye angebaki hapo bila hema wala mgao.

Nikamtazama tena kwenye kompyuta: jina la mume wake, jina la mtoto. Hayakufanana hata kidogo. Damu ikanichemka. Kwetu Uha, huku Kasulu, kama kwao Burundi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu watano wana majina matano yasiyojuana. Mimi nilibandikwa jina la baba shuleni.

"Ondoa hiyo sheria," nilimwambia mwenzangu.

"Dada, tukiigusa leo tutavuruga simu zote. Tungoje Jumatatu."

"Jumatatu huyu mama atakuwa wapi?"

Aliinuka, akanipisha kwenye kiti. Nikaifuta, nikaiamuru programu ijijenge upya, kisha nikakaa kutazama kile kimstari kinachotambaa kwenye kioo. Nje dereva alikuwa anapiga honi. Nilitamani kuipiga ile kompyuta kofi.

Ilipomaliza, ilinitolea watoto kibao. Jina lenyewe ni lile apewalo kila mtoto anayefuata mapacha, na mapacha hawakuwa haba kambini. Nisingeweza kuwapitia wote wakati honi inalia. Nikatoka mbio hadi kwenye basi.

"Mama, huko kwenu majirani walikuwa wanakuitaje?"

Alinishangaa. "Mwana wanje," aliniita mwanawe kwa Kirundi, "si kwa jina la mtoto wangu mkubwa?"

Ndivyo nilivyotaraji. Mtoto wa miaka mitano hajui jina la mama yake la kwenye kitambulisho. Anajua wanavyomwita kisimani. Nikarudi, nikaandika "Mama" na jina la yule mkubwa, nikatafuta kwenye majibu ambayo watoto wenyewe waliwapa makarani walipoulizwa mama yao ni nani. Akabaki mmoja. Picha yake ilikuwa imepigwa kwa simu ya karani, amevaa sweta la mtu mzima.

Nilibeba kompyuta nzima hadi kwenye basi, mwenzangu akinifuata na kunikinga jua ili kioo kionekane. Mama aliinama. Hakupiga kelele. Aliweka kidole juu ya sweta na kukiacha hapo.

Ndipo nikasoma mstari wa chini, ambao kwa haraka zangu nilikuwa nimeupita. Mtoto hakuwa Kasulu. Mwanamke aliyemwokota alihamishwa kwa basi lililotangulia, akaondoka na mtoto. Alikuwa Kibondo.

Asubuhi nzima mama huyu alikuwa anapigania kubaki mahali ambapo mwanawe hayupo, na kama angeshinda, angebaki. Nilimweleza polepole kwa Kiha, nikiogopa hatanielewa.

Hakunishukuru. Aliuinua ule mguu wa chini, akapenya hadi kiti cha mbele, akaketi, kisha akamuuliza dereva anangoja nini.